Kabla ya Kuhama Tuulizane: Hiki cha Nani?



Leo tuzungumzie kuhama, khasa pale nyumba unayokwenda ni ndogo kuliko unayotoka. Huku kwetu Matambarale, wilayani Ruangwa, jambo hili tunaliishi. Madini ya kinywe yamefanya baadhi ya familia zipishe mgodi. Wengine wanahamia Ruangwa mjini kwa ajili ya biashara au shule za watoto. Na kila korosho zikishauzwa kuna harusi, na baada ya harusi kuna anayepeleka godoro kwa bodaboda kwenye chumba kimoja cha kupanga. Bibi zetu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hadi 1976, na wanavyotusimulia walibeba kinu, jembe na sufuria, vingine vikabaki. Muda wa kuchagua hawakuwa nao. Sisi wengi wetu tunao.

Kwenye simu mafunzo ya kupunguza vitu ni mengi. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, anafundisha ushike kila kitu mkononi ujiulize kama kinakufurahisha. Kama hakikufurahishi, kiondoke. Hatumpingi, ila swali lake linamfaa mtu ambaye kila kilichomo ndani ni chake. Nyumba zetu haziko hivyo. Sufuria kubwa ni la kikundi, mbuzi ya kukunia nazi ni ya jirani tangu Ramadhani iliyopita, ungo ni wa wifi, na kabatini kuna doti ya kanga ya mtu aliyesema "niwekee, nakuja". Kwa maoni yetu swali la kwanza ni hiki cha nani. Furaha itafuata.

Tunaye wa kumuiga katika hili. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, watu wa Makka walikuwa wameweka amana zao kwake, wakiwemo waliokuwa wakimpinga. Alihama katika hali ya hatari, na bado alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) arudishe kila amana kwa mwenyewe, ndipo amfuate. Fikirini, dada zetu, mtu anawindwa kuuawa na anashughulikia vitu vya watu. Sisi tunahama mchana, tumeagiza gari, na bado sufuria la kikundi linapanda garini pamoja na vyombo vyetu.

Sisi mafundi cherehani ndio tunaobanwa zaidi. Nyumba ya fundi ina vitambaa vya watu walioleta, wakapimwa, wakapotea. Mwingine kaolewa Nachingwea, mwingine kabadilisha namba ya simu. Desturi tuliyojiwekea ni kubana kwa pini kwenye kila kitambaa karatasi yenye jina, namba na tarehe, na wiki tatu kabla ya kuhama tunapiga simu moja moja. Asiyepatikana tunampelekea ndugu yake mbele ya shahidi. Akikosekana hata ndugu, tunamuuliza sheikh kabla hatujakata wala kugawa. Hata vipande vilivyobaki baada ya kushona ni vya mteja mpaka aseme tuvichukue. Wenzetu wa kazi hii watatununia, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tuje ndani kwa mume na mke, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizana. Gari ni ghali, chumba ni kidogo, na mzee wa nyumba anatazama huku na huku. Macho yake yanatua kwenye cherehani au kabati la vyombo lililotoka kwa mama yake biharusi. "Hiki tuuze." Tumeona cherehani ya mke ikiuzwa ili gari lipatikane, na mwenyewe akiambiwa tu kwamba imeshakwenda. Sura An-Nisaa, aya ya 4, imeweka wazi kwamba mahari ni ya mke, na mume anakula sehemu yake pale tu mke anapompa kwa ridhaa ya nafsi yake. Kwa hiyo kama mahari yako yalikuwa kitanda au cherehani, ni mali yako mahali popote mtakapohamia. Huku bara Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, nayo inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Maharusi, andikeni orodha ya vitu mnavyoingia navyo. Daftari la shule linatosha, na mama mmoja wa kila upande alione. Huko si kumshuku mume.

Na haki inakwenda pande zote mbili. Ile baiskeli mbovu ya baba watoto, inayotukera miaka saba ukutani, si yetu kuitoa kwa mnunua chuma chakavu akiwa shamba. Tumuombe, tumsubiri, tumuombe tena.

Ikishajulikana ni chako, hapo sasa punguza, na upunguze kweli. Ukiwa na doti thelathini za kanga na unavaa sita, ishirini na nne zinakula nafasi ya kulala mtoto. Ila tusitoe matambara tukayaita sadaka. Sura Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kumpa mtu kibaya ambacho sisi wenyewe tungekipokea kwa kufumba macho. Kanga iliyopasuka iwe dekio. Nguo inayobana kwanza igeuze ndani utazame: fundi mzuri huacha nafasi kwenye mshono, na huenda ikapanuliwa kabla ya kuipa kisogo.

Gauni la harusi nalo limekaa kwenye mfuko wake miaka kumi, limevaliwa saa nne. Sahih Bukhari imepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vazi moja, na wanawake wa Madina waliokuwa wakipambwa walituma watu kwake kuliazima. Nasi tuyaachie magauni haya. Azimisha, au mpe moja kwa moja binti anayeolewa bila uwezo. Shanga zikidondoka zitashonwa.

Misahafu na juzuu zilizochakaa zisiingie kwenye taka. Mpelekee imamu, zitazikwa pahala safi au kuchomwa kwa heshima.

Neno moja kwa wanaopisha mradi. Msiuze vyombo kwa bei ya kutupa eti hakuna nauli ya mzigo. Kanuni za mwaka 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinataja posho ya usafiri, yaani gharama halisi ya kubeba mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Tani 12 ni safari kadhaa za Canter. Vyombo vya mama mmoja havifiki hapo hata na kinu chake. Ulizeni kama posho hiyo imo kwenye hesabu yenu kabla hamjatia saini, na mke awepo inapoulizwa.

Siku ya kuhama, mfuko wa amana ambazo wenyewe hawajapatikana usipande juu ya mzigo. Mama akae nao mbele kwa dereva, pamoja na daftari. Cherehani itenganishwe, kichwa kizungushiwe blanketi na kulazwa katikati ya magodoro, meza yake ifungwe nyuma kwa kamba.