Kuongeza Maji Si Kubadilisha Maji

Najua niliahidi mwezi huu tuendelee na mada ya mawifi. Mawifi hawaendi popote, tutawarudia. Leo karibu sebuleni kwangu.

Pale ambapo nyumba nyingine zina kabati la vyombo, sisi tuna tangi la vioo la lita 200: maji ya chumvi, matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale waliopata umaarufu na filamu ya Finding Nemo mwaka 2003. Tangi ni la mume wangu kwa jina tu, kazi ni ya wawili.

Ijumaa usiku mimi nachanganya maji mapya: maji yaliyochujwa mpaka madini yakaisha, na chumvi maalumu ya matangi (siyo ya jikoni, shosti!) kama gramu 35 kwa lita. Pampu ndogo inakoroga mpaka asubuhi. Maji ya bomba hatuyataki, yana klorini na mengine yanayolisha mwani. Jumamosi napima chumvi na joto vilingane na vya tangini, yeye anafyonza lita 20 za zamani kwa mpira, kisha tunamimina lita 20 mpya taratibu. Hiyo ni asilimia 10 kila wiki. Huku tukipiga stori zetu, chai pembeni.

Sasa bwana, mwaka jana tulikosana. Niligundua amechukua pesa tulizokuwa tunaweka kwa ajili ya kiwanja, akamkopesha mdogo wake bila kuniambia. Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na kimya, kile cha "chakula kipo mezani" na "asante". Kimya cha miezi miwili. Na Jumamosi zetu zikafa.

Mimi nikajipa moyo kwamba tangi nalihudumia. Kila siku maji yanapungua kwa joto la Dar, nami naongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana kinachopanda hewani ni maji tu, chumvi inabaki. Kipimo cha chumvi kilisoma 35 kila siku. Mambo safi, si ndiyo?

Siyo. Matumbawe yakaanza kujikunja, moja likapauka pembeni. Nikapima nitrati: miligramu 80 kwa lita, wakati sisi huwa tunataka isizidi 10. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki huwa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitrati. Hapo inarundikana tu. Haipandi hewani na maji, inabaki palepale pamoja na chumvi. Halafu kalsiamu ambayo matumbawe yanajengea mifupa yao ilikuwa imeshuka, kwa kuwa hakuna aliyeirudisha. Kumbe miezi miwili nilikuwa naongeza maji, sibadilishi.

Nilisimama na kile kikopo cha kipimo nikajiona mwenyewe. Maana ndani ya kimya kile alinunua maua. Akanipeleka kula samaki Jumapili. Nikapokea, nikatabasamu, ukimtazama kila mtu angesema ndoa iko poa. Tulikuwa tunaongeza tu. Ya zamani hakuna aliyeyatoa.

Nilimwita. Alipoona namba akataka tumwage maji yote siku hiyo hiyo. Nikamwambia, hapana, baba, tukifanya hivyo tunayaua kwa mshtuko. Viumbe vilivyozoea maji mabaya havivumilii mabadiliko ya ghafla, hata yakiwa mazuri. Tukakubaliana asilimia 20 kila wiki na kupunguza chakula. Hesabu yake rahisi: 80 inashuka hadi 64, wiki inayofuata karibu 51, kisha 41. Polepole, ila inashuka.

Na Jumamosi ile ya kwanza, mpira ukiwa mkononi mwake, nikasema jambo moja tu: "Iliniuma kwamba hukuniuliza." Sikugusa mdogo wake, wala mama yake, wala ya mwaka juzi. Alinyamaza mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema aliogopa ningekataa. Ni kweli, ningekataa. Wiki iliyofuata tukaongelea jinsi pesa itakavyorudi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilipona. Lile tumbawe lililopauka lilikufa upande mmoja, na kiwanja bado hatujanunua. Lakini upande wa pili umefunguka, na nitrati iko chini ya 10.

Kwa hiyo, wewe na mwenzako, chagueni siku yenu. Si lazima muwe na tangi. Toeni kidogo cha zamani, wekeni kidogo kipya, kila wiki, hata pale kipimo kinaposoma vizuri. Maua ni mazuri, endeleeni kununuliana. Ila jiulize leo: nyumbani kwako mnabadilisha maji, au mnaongeza tu?

Tukutane mwezi ujao. Na mawifi, safari hii kweli!