Mashine Nayo Hupumua

Ndugu msomaji,

Mtu akifungwa kitambaa puani na mdomoni, kisha akaambiwa apande mlima na gunia la mahindi, hatafika mbali. Miguu yake ni mizima. Chakula amekula. Anachokosa ni hewa. Injini ya mashine ya kusaga nayo ni hivyo hivyo. Dizeli ni chakula chake, lakini bila hewa ya kutosha dizeli haiungui vizuri.

Inahitaji hewa kiasi gani? Ili lita moja ya dizeli iungue yote, inatakiwa hewa kama lita 10,000. Hayo ni mapipa 50 ya lita 200! Hewa yote hiyo hupita katika bomba moja tu, na mlangoni mwa bomba hilo pana kichujio.

Mwezi huu nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, nilifika katika kijiji kimoja kati ya Kilosa na Mikumi. Akina mama wa pale walikuwa na mashine ya kusaga, waliyoinunua kwa kuchangishana. Injini ilikuwa ikitoa moshi mweusi. Mahindi yakitiwa mengi, inazimika. Madebe yalipangwa foleni mpaka nje.

Mwenyekiti wao akaniuliza, "Bwana Shamba, ina ugonjwa gani?"

Cheti changu ni cha kilimo, si cha ufundi. Lakini niliona haya kusema sijui. Nikatazama kichujio, nikaona kimejaa vumbi na unga. Nikasema, "Kitoeni." Wakakitoa. Injini ikanguruma kwa nguvu, moshi ukapungua. Siku ile niliondoka na kuku wa zawadi.

Ugonjwa niliuona, lakini dawa yangu ilikuwa sumu. Injini ilifanya kazi miezi kadhaa bila kichujio. Vumbi letu lina chembe za mchanga. Chembe hizo ziliingia pamoja na hewa, zikala silinda na ringi za pistoni kama jiwe linavyosaga nafaka. Kabla ya masika injini ikawa ngumu kuwaka, ikala oili, ikatoa moshi wa buluu. Fundi aliifungua akasema, "Hii imekwisha." Akina mama wakarudi kubeba mahindi kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili. Nilikwenda nikawaambia mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu.

Basi, ndugu msomaji, shika haya:

1. Usiondoe kichujio. Kisafishe.

2. Kama ni kichujio cha oili, zima injini kwanza. Fungua bakuli, mwaga oili chafu. Osha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa. Usitumie petroli. Vikishakauka, tia oili safi mpaka kwenye alama. Usizidishe. Ikizidi, injini huweza kuinyonya na kukimbia bila kuzuilika. Wakati wa vumbi jingi, kitazame kila siku.

3. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Kigonge taratibu vumbi lidondoke. Kikichanika au kikiziba kabisa, nunua kipya.

4. Kagua bomba la mpira kati ya kichujio na injini. Likiwa na ufa, vumbi huingia hata kama kichujio ni safi.

5. Chumba cha mashine kiwe na madirisha makubwa, na bomba la moshi litoke nje. Moshi huo ni sumu kwa watu. Tena hewa ya moto ni nyepesi, hupunguza nguvu ya injini. Hata ndege ndogo, kama zile zinazotumia kiwanja cha Hifadhi ya Mikumi, huruka kwa urahisi zaidi asubuhi ya baridi kuliko mchana wa jua kali. Sababu ni hiyo hiyo.

Ukisafisha kichujio na moshi mweusi usiishe, usiendelee kubahatisha. Huenda mahindi yanatiwa kupita kiasi, au pampu ya dizeli ina kasoro. Mwite fundi.

Nami sasa nikiulizwa jambo nisilolijua, husema, "Sijui, tumwulize fundi." Sipewi kuku, lakini mashine inasaga.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu, Kilosa