KIJANA, MCHAWI WAKO SI MCHINA WA KARIAKOO!

Kijana mwenzangu wa Manzese, Tandika, Mbagala na Vingunguti, leo tusemezane bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna wimbo unaimbwa vijiweni. Huna kazi kwa sababu ya Mchina. Mtaji wako umekufa kwa sababu ya Mhindi. Kibarua chako kimeota nyasi kwa sababu ya Mrundi. Ukiuliza mtunzi wa wimbo huo ni nani, unaambiwa ni wananchi wenye uchungu. Wapi bwana! Mtunzi ni kigogo. Wewe mlalahoi umepewa kuitikia tu.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, yakiwamo maduka ya rejareja, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na saluni. Watu wakashangilia. Sikatai, kilio cha Kariakoo ni cha kweli. Inaudhi kumwona mtu aliyeingia kwa jina la mwekezaji akiuza ndala jozi moja moja mbele ya meza yako. Lakini jiulize: nani alimgongea muhuri? Nani alimpa leseni? Nani alimpangisha fremu kwa kilemba ambacho wewe huwezi kukilipa hata ukiuza figo? Mgeni hajigongei muhuri mwenyewe! Sheria ikivunjwa, wavunjaji ni wawili, na mmoja wao amekaa ofisini kwenye kiyoyozi. Huyo humsikii akitajwa kijiweni.

Tena kumbuka, Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Kilio chao kikubwa kilikuwa kodi na kamatakamata, si rangi ya ngozi ya mtu.

Ndugu yangu, mchezo huu ni wa siku nyingi, na kuna wakati mgeni ulikuwa wewe. Mwaka 1983, enzi za chama kimoja, kulikuwa na Nguvu Kazi. Vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani, wakaitwa wazururaji, wakapakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini. Uchumi ulikuwa hoi, maduka matupu, na dawa iliyopatikana ni kumtia hatiani kijana wa mtaani! Hata neno machinga asili yake ni Wamachinga wa Lindi, vijana wa kusini waliokuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi. Mwishoni mwa 2021 machinga walipoondolewa barabarani, aliyevunjiwa kibanda alikuwa Mchina? Alikuwa wewe, mzawa halisi, na uzawa wako haukukusaidia kitu.

Wa upinzani nasi tusijifiche. Mwaka 1993 Mchungaji Mtikila alipita akiwaita Wahindi magabacholi, na vijana wakaitika kwa mawe. Magari na maduka yakapigwa. Haya, niambie: ni mlalahoi gani alipata duka kwa jiwe lile? Baadaye chama tawala kikaokota hoja hiyo na kuipa jina la heshima, uzawa. Mpiga debe wake mkubwa alikuwa Iddi Simba, Waziri wa Viwanda na Biashara. Mwaka 2001 akajiuzulu kwa sakata la vibali vya kuingiza sukari. Uzawa ulihubiriwa kwako, vibali vikatoka kwa wakubwa!

Na mwaka huohuo upanga wa uraia ulionyesha makali yake. Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Mmoja wao ni Jenerali Ulimwengu, mwandishi ambaye magazeti yake yalikuwa yakiisema Serikali bila woga. Mtu huyo alishakuwa mbunge na mkuu wa wilaya! Alipokuwa akiwatumikia alikuwa Mtanzania safi, alipowakosoa akawa mgeni. Kijana, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ukimpa mkubwa ruhusa ya kuamua nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu, hatakomea kwa Mchina. Siku utakaposimama jukwaani kudai haki yako, utaulizwa babu yako alizikwa wapi.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Oktoba 1961, uhuru haujapatikana, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Mwalimu alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu yeye na Serikali yake. Mwaka 1995 akaonya kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu: ukishaonja huachi. Nchi ilimsikiliza. Amir Jamal, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, alichaguliwa na watu wa Morogoro kuwa mbunge wao na akashika Wizara ya Fedha. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbilia hapa tangu 1972 pamoja na watoto waliozaliwa hapa, walipewa uraia. Je, nchi ilizama? Haikuzama.

Sasa angalia maisha yako mwenyewe. Jina Kariakoo limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Duka, gari na chapati ni maneno yaliyovuka bahari. Nani aliyeimba shida za mlalahoi kuliko Remmy Ongala? Alizaliwa Kongo, akazeeka na kufa hapa mwaka 2010, na konda wa Sinza mpaka leo anakushusha kwa Remmy. Jumapili unavaa jezi. Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mfungaji bora wa mashindano alikuwa Fiston Mayele, Mkongomani. Watu wa Simba walimwita Chama wa Zambia kwa mapenzi kuliko ndugu zao wa damu. Kwa hiyo mgeni akifunga goli ni wetu, akifungua saluni ni mwizi? Haiingii akilini!

Na wewe unayeota kuzamia Durban, kumbuka yaliyotokea huko. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa Afrika Kusini katika fujo dhidi ya wageni, na fujo hizo zikarudi 2015 na 2019. Waliopiga walikuwa vijana kama wewe, hawana kazi, wameimbishwa wimbo uleule. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sisemi milango iachwe wazi kama stendi. Nasema sheria imshike mgeni mkwepa kodi na mzawa mkwepa kodi, na imshike kwanza aliyekula rushwa akagonga muhuri. Aliyekuja kwa halali, akafanya kazi, akalipa kodi, akaoa kwetu na kuzika kwetu, huyo ni jirani. Mpishe benchini mnywe kahawa.

Kijana, weka jiwe chini. Uliza fremu za soko la umma amegawiwa nani. Uliza mkopo wa vijana umeishia mfuko gani. Uliza kura yako imehesabiwa na nani. Mchina hawezi kukujibu maswali hayo, wala Mhindi, wala Mrundi. Wanaoyajua majibu ni hao wanaotaka umtazame mgeni usiwatazame wao.

Amka, bwana!