EKA 3,210,000

Hebu itazameni namba hii: 3,210,000. Tarakimu zake zinashuka kama ngazi: tatu, mbili, moja, sifuri. Igawe kwa 2, 3, 4, 5 au 6, haibakizi kitu. 7 ndiyo inayoigomea. Igawe kwa 30,000, utapata 107, namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Namba hii si ya mchezo. Ndizo eka ambazo Waingereza walikusudia, katika mpango wao wa mwaka 1946, kulima karanga Tanganyika, Kenya na Zambia ya leo: mashamba 107, kila moja eka 30,000. Mashamba 55, yaani zaidi ya nusu, yalipangiwa Jimbo la Kusini la wakati ule, na kazi ikaja hapa Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni 36,000,000.

Wengine hulaumu matrekta. Mimi naona kosa lilianzia kwenye karatasi. Kuzidisha kulikuwa sahihi, lakini udongo na mvua havikupimwa vya kutosha. Babu yangu kule Ruangwa akipewa mbegu mpya, huijaribu kwanza katika ngwe moja kwa msimu mzima.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tuzipende namba, lakini tukipata jibu zuri tusiharakie kuweka kalamu chini. Tuulize kwanza: limepimwa wapi?