MAONI: Kabla hujakopa pesa za PlayStation, chungulia nyuma ya runinga yenu

LIKIZO ikianza, kibanda cha gemu mtaani hujaa kabla ya saa tatu asubuhi. Unakijua. Pazia mlangoni, mabenchi mawili, runinga tatu ukutani na joto la vijana ishirini waliobanana. Mechi moja ni shilingi 20. Ukifungwa unainuka, na ukiwa na kiburi kidogo unatoa mbao nyingine ili ulipize kisasi.

Piga hesabu. Mechi tano kwa siku ni soo moja. Likizo ya wiki tatu imekula shilingi 2,100, na hapo hatujataja wale wanaowekeana dau kila mechi hadi nauli ya mat inaisha. Sasa wapo waliochoka na kibanda na wanaona dawa ni kununua mashine yao. Makumi ya maelfu hawana, kwa hivyo wanakopa kwa simu au wanachukua mtambo wa kulipa polepole. Mwezi wa pili ujumbe wa kudaiwa unaanza kuingia, na gemu haina utamu tena.

Msimamo wetu ni huu: kabla hujaingia deni, chungulia nyuma ya runinga ya sebuleni. Kama nyumbani kuna runinga bapa na kipakatalishi, hata kile cha mtumba ambacho dada yako alinunuliwa akienda chuo, kinachokosekana pengine ni kebo ya HDMI ya shilingi mia chache tu.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Chomeka upande mmoja kwenye kompyuta na wa pili kwenye runinga, kisha soma maandishi yaliyo kando ya tundu ulilotumia: HDMI 1 au HDMI 2. Chukua rimoti, bonyeza "Source" au "Input" na uchague tundu hilohilo. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaulizwa kama unataka picha ionekane kwenye skrini zote mbili au kwenye runinga pekee. Kwa gemu, chagua runinga pekee, maana mashine ndogo haifai kupewa mzigo wa skrini mbili.

HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Ukiona picha lakini sauti bado inatoka kwenye kompyuta, usikimbilie kurudisha kebo dukani. Bofya alama ya spika pembeni mwa skrini na uchague runinga. Na kama kingo za picha zimekatwa hadi huoni saa wala alama za mchezo, tatizo liko kwenye runinga. Ingia sehemu ya ukubwa wa picha na utafute "Just Scan" au "Screen Fit".

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo huwafanya waseme kompyuta yao ni mbovu. Unabonyeza shuti, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Mara nyingi kosa si la kompyuta. Runinga hupokea picha, ikaipamba na kuilainisha kabla ya kuionyesha. Ukitazama filamu hutambui, lakini kwenye gemu kuchelewa huko ni bao. Tafuta "Game Mode" kwenye mipangilio ya picha uiwashe. Kwa sababu hiyohiyo, achana na kurusha picha bila waya. Inafaa kwa video, si kwa mechi.

Ukiwa na runinga ya 4K na kompyuta ya zamani, usilazimishe 4K. HDMI nyingi za zamani hutoa picha 30 tu kwa sekunde kwa ukubwa huo. Shuka hadi 1920 kwa 1080 upate picha 60, na mwendo utakuwa laini. Ikiwa bado inakwama, jaribu 1280 kwa 720 ndani ya gemu. Ukiwa umekaa kwenye kochi, tofauti si kubwa.

Dukani nako kuwa macho. Kuna kebo yenye HDMI upande mmoja na vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha manjano, upande wa pili. Wenye runinga za mgongo mkubwa huuziwa hiyo na kurudi nyumbani wakikodolea macho skrini nyeusi. HDMI ya kompyuta hutoa mawimbi ya dijitali, matundu yale matatu yanapokea analogi, na waya mtupu hauwezi kutafsiri. Unahitaji kijisanduku cha kubadilisha mawimbi, kile kinachochomekwa USB ili kipate umeme. Vilevile, si kila tundu la USB-C hutoa picha. Uliza kuhusu mashine yako kabla ya kulipia adapta.

Tuseme ukweli pia. Kipakatalishi cha kawaida hakitacheza gemu mpya za kisasa zenye picha nzito. Lakini gemu za miaka kumi iliyopita nyingi zitaenda, na zipo zisizolipiwa. eFootball ya Konami, ambayo wengi tuliijua kama PES, imekuwa bila malipo tangu 2021, ingawa utahitaji bando la kutosha kuipakua na mashine isiyo dhaifu sana. Usidanganywe na gemu za kuvunjwa zinazozunguka kwa flashi. Niliwahi kubandika moja kwenye kompyuta ya kaka yangu. Gemu haikufunguka, virusi vilifunguka, na maandishi yake ya muhula mzima yakaenda. Hakunisemesha wiki nzima, na sikuwa na la kujitetea.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kibandani unalipa, unacheza, unaondoka. Nyumbani, runinga ni ya wote na kompyuta ina mwenyewe. Taarifa ya saa moja ina wenyewe pia, na huwezi kumwambia baba asubiri dakika za nyongeza. Kwa hivyo omba kabla ya kuchomeka. Kubalianeni saa. Weka kompyuta juu ya meza, si kwenye kochi ambapo matundu ya hewa yanazibwa na mashine inachemka. Ukimaliza, chomoa na urudishe runinga kwenye king'amuzi, ili mama akiiwasha asikutane na skrini nyeusi na kudhani umeiharibu. Tokeni za stima zikiisha, changia. Zile mbao tano ulizokuwa ukipeleka kibandani kila siku zipo, ama?

Nanyi wazazi mnaosoma hapa, tunawaomba msikatae haraka. Kijana atacheza tu. Swali ni atachezea wapi, na nani, na kwa pesa za nani. Akiwa sebuleni unamwona, unajua anacheza gemu gani, na unaweza kumwambia inatosha. Akiwa nyuma ya pazia la kibanda, hujui hata kama alikula chakula cha mchana kwa ile mia uliyompa. Tena, mtoto aliyeweza kutafuta kwa nini sauti haitoki, akairekebisha mwenyewe, amejifunza kitu.

Hatusemi vibanda vifungwe. Vinawalisha wenyewe, na raha ya kushangiliwa na mtaa mzima huwezi kuipata sebuleni. Nenda Jumamosi moja moja, ucheze na marafiki, urudi. Ila usikope kwa ajili ya mchezo wakati runinga iko ukutani na kompyuta iko kwenye begi. Leo jioni, sogeza runinga kidogo utazame nyuma yake. Ukiona tundu limeandikwa HDMI, nenda kamuulize mwenye kompyuta kwa adabu.