Chembe zinazozuia kinga isiushambulie mwili

Mkazi wa Bukavu akishikwa na homa mara mbili tatu mfululizo, hachelewi kushauriwa atafute dawa ya kuongeza kinga. Mizizi, majani na vidonge huuzwa kwa ahadi hiyo, Kadutu hadi Ibanda. Ahadi hiyo inapotosha, na inawagharimu watu ambao hata pesa ya chandarua ni ya kutafuta.

Kinga haipimwi kwa ukali wake peke yake. Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba panya wakikosa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, chembe nyingine za kinga huvamia viungo vya panya hao wenyewe. Aina hiyo huitwa chembe T dhibiti. Hufyonza kemikali ambayo chembe shambulizi huitegemea ili ziongezeke, na hutoa nyingine za kuzituliza.

Jeni inayozitawala, FOXP3, ilipatikana mwaka 2001. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waliifikia kwa kuchunguza ukoo wa panya ambao madume yao hubambuka ngozi na kufa baada ya wiki chache. Panya wa kwanza wa ukoo huo walizaliwa miaka ya 1940 huko Oak Ridge, Tennessee, katika maabara iliyotokana na mradi wa bomu la atomiki. Mkongomani hapiti hapo bila kusimama: sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Oktoba 2025, watafiti hao watatu walitunukiwa Nobel ya tiba.

Wapo pia wavulana, wachache sana, wanaozaliwa na hitilafu ya jeni hiyo. Tangu uchanga huandamwa na kuhara, kisukari na maradhi ya ngozi, kwa sababu kinga yao haina wa kuizuia. Mtoto kama huyo aongezewe kinga gani?

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya malaria. Utafiti uliofanywa Tororo, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba watoto waliougua malaria mara nyingi walikuwa na chembe T dhibiti chache katika damu kuliko wenzao. Bonde la Ruzizi na Fizi nako mbu hawapumziki, kwa hiyo damu ya watoto wa huko inastahili kupimwa vivyo hivyo.

Kuhesabu chembe si jambo geni Bukavu. Wanaoishi na virusi vya ukimwi wanajua kipimo cha CD4, na chembe T dhibiti nyingi zimo ndani ya hesabu hiyo. Kinachohitajika ni kuzitenganisha. Vyuo vikuu vya mji huu vina vijana wa kuifanya kazi hiyo, na serikali iwape vifaa. Wakati huohuo, kila anayeuza dawa ya kinga atakiwe kueleza ni chembe ipi anayoiongeza, na kwa ushahidi gani.