Meno ya Bibi Yamekaa Kabatini

Wiki hii tuwaache wachumba wapumzike, tuongelee meno ya bandia. Usicheke, subiri.

Bibi yangu hana jino hata moja. Mwaka jana sisi wajukuu tulichangishana, akatengenezewa seti nzima, juu na chini. Picha tukapiga. Wiki haikuisha, seti ikahamia kwenye kikombe juu ya kabati. Mama akawaka: "Hela zote zile!" Mimi nami nikaona ni ubishi wa uzee tu.

Kumbe masikini alikuwa anateseka. Akiongea, meno ko-ko-ko kama viatu vya mchuchumio. Midomo haifungi mpaka ajilazimishe. Jioni taya zinamuuma. Hata shughuli za watu akaacha kwenda, anaona aibu.

Tukampeleka kwa daktari mwingine. Akamtazama, akasema meno yamepandishwa mno. Kivipi? Hebu fumba midomo, tulia, hata kama uko kwenye daladala. Umeona? Meno ya juu na ya chini hayagusani. Pana kinafasi hapo, kwa kawaida milimita 2 hadi 4, ndipo misuli ya taya inapopumzikia. Meno ya bandia yakiila nafasi hiyo, misuli haina likizo. Yakiwa mafupi mno nayo balaa: kidevu kinaifuata pua, uso unanywea, pembe za mdomo zinachanika.

Basi daktari akamtia nukta mbili, puani na kidevuni. "Bibi, sema mmm, halafu legeza." Akapima kwa rula. Akamvalisha vipande vya nta, akawa anavipunguza kidogo kidogo, maana nta zikigusana kile kipimo lazima kiwe pungufu kwa zile milimita chache. Kisha akamhesabisha: sita, saba, sitini na sita. Herufi "s" haifichi kitu. Meno yakigongana hapo, bado yako juu.

Meno yalipopangwa kwenye nta, kabla hayajatengenezwa moja kwa moja, akamuuliza: "Unajisikiaje, bibi?"

"Shusha kidogo, mwanangu."

Akashusha! Kule kwa kwanza hakuna aliyemuuliza, na sisi tuliomsindikiza tulikuwa tunaangalia saa.

Jumapili iliyopita bibi kampigia simu shoga yake wa Mbagala kwa simu yangu. Salio lote limekwisha, ko-ko-ko sikuisikia hata moja.